Wazee wa Mjini na Mashahidi wa Shamba

Wasikilizaji wetu, hasa ninyi mkaao mashamba, na ninyi wanafunzi mnaowasomea wakubwa wenu maneno haya, leo twataka kusema nanyi juu ya wazee wakaao katika mji wa Unguja bila ya nyumba, au katika chumba wasichojua kama mwezi ujao kitakuwa chao. Huenda mkasema, "Hayo ni mambo ya mjini, yatuhusu nini sisi?" Tuvumilieni kidogo, maana tutaonyesha ya kuwa sehemu kubwa ya dawa ya jambo hili imo mikononi mwenu.

Shamba mzee aweza kukosa mengi, lakini ni nadra kukosa pa kulala. Paa lake likivuja, makuti hupatikana karibu, na vijana humwezekea asubuhi moja. Mjini sivyo. Katika mitaa ya Ng'ambo watu wengi hukaa vyumba vya kupanga, na siku ya kodi haiahirishwi kwa sababu mpangaji ameota mvi. Wazee hao wengi walikuja mjini wangali vijana. Walichukua mizigo bandarini, walipika katika majumba ya watu, walikaanga vitumbua, walifua nguo. Kazi hizo hazikuwa na kiinua mgongo. Siku mikono ilipochoka, ndiyo siku mapato yalipokatika.

Wengine wamo Mji Mkongwe, katika nyumba kubwa za mawe na chokaa. Baadhi ya nyumba hizo ni za wakfu, zilizowekwa na matajiri wa zamani kwa ajili ya thawabu, na maskini wengi wamepata hifadhi humo kwa kodi ndogo. Lakini nyumba ya kodi ndogo si lazima iwe nyumba imara. Mvua ya masika huingia ndani ya kuta, chokaa hulegea, na boriti huoza mahali zilipopachikwa. Beit al-Ajaib yenyewe, jumba lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na mafundi walikuwa wakilitengeneza. Basi chumba cha bibi kizee, ambacho hapana fundi aliyekikagua, kitakuwaje?

Haifai kusema kwamba Serikali haikufanya kitu. Ziko nyumba za wazee Sebleni na Welezo, wanakotunzwa wale wasio na jamaa. Tena mwezi wa Aprili mwaka 2016 ilianzishwa Pensheni Jamii, ambayo hulipwa kila mkaazi wa Zanzibar aliyetimiza miaka 70, awe alikuwa karani au mchukuzi, mwenye mali au asiye nayo. Sisi twaupenda utaratibu huo, kwa kuwa haumlazimishi mzee kusimama mbele ya watu kuonyesha umaskini wake. Ilianza kwa Sh. 20,000 kwa mwezi, na katika miaka ya hivi karibuni imeongezwa hata kufikia Sh. 50,000. Ukizigawa kwa siku thelathini, kila siku ni Sh. 1,667 hivi. Hazitoshi chakula na kodi pamoja. Hilo tuliseme wazi. Lakini mzee mwenye fedha ya kujulikana kila mwezi aweza kumwambia mwenye nyumba, "Ningoje mpaka siku fulani," na akaaminiwa. Asiye nayo hana la kusema.

Sasa tutoe mfano wa kubuni. Tufikiri bibi mmoja aliyezaliwa kijiji cha kusini, akaolewa mjini akiwa mwari, mumewe akafa, wala hakuacha mtoto. Chumba chake kimetakiwa, na sasa analala barazani kwa jirani, vyombo vyake vimo kikapuni. Majirani wa mtaa humletea sahani ya wali jioni, na Mungu awalipe. Mmoja wao amempeleka kwa sheha ili aandikwe. Anaulizwa, "Bibi, umezaliwa mwaka gani?" Hajui. Anaulizwa cheti, hana. Kitambulisho chake kiliandikwa umri kwa kukisia tu, na aliyekisia alimpunguzia miaka minane. Uso wake wasema themanini, karatasi yasema sitini na tisa, na ofisini karatasi ndiyo isikizwayo.

Majirani waliompa chakula hawawezi kumsaidia hapo, kwa sababu walimjua akiwa mtu mzima tayari. Anayeweza ni yule aliyecheza naye utotoni. Na huyo hayuko mjini, yuko kwenu. Labda ni bibi yako mwenyewe, anasuka ukili ukumbini hivi sasa.

Kwa hiyo twawaomba mfanye hivi. Waulizeni wazee wenu ni nani katika rika lao waliokwenda mjini na khabari zao zikakatika. Kisha msiwaulize mwaka, maana mwaka husahauliwa, waulizeni mambo. Ulipofanywa uchaguzi wa kwanza, mwezi wa Julai mwaka 1957, fulani alikuwa akitambaa au akitembea? Siku ya Mapinduzi, tarehe 12 Januari 1964, alikuwa amekwisha tiwa chuoni? Nani alizaliwa kabla yake, na huyo ana cheti? Aliyekuwa na miaka tisa siku ile ya Mapinduzi alikwisha timiza miaka 70 kufikia tarehe 12 Januari 2025; hesabu hiyo mwanafunzi yeyote aweza kuifanya. Ndugu mkubwa au mdogo mwenye cheti ni hoja kubwa, kwa sababu mtu hawezi kuwa mdogo kuliko mdogo wake.

Msidhani jambo hili litakwisha kwa safari moja. Huenda shahidi akaitwa, akarudishwa, akaitwa tena. Nauli ya kwenda mjini ni mzigo kwa mtu wa shamba, nasi twajua. Mkiweza, changeni nauli hiyo kama mnavyochanga kwa maziko, ila mara hii mwenyewe angali hai.

Mwanafunzi na aandike kwa wino, kwa herufi zisomekazo: jina la mzee kama alivyoitwa kijijini, jina la baba na la mama yake, mtaa aliozaliwa, majina ya mashahidi wawili na umri wao, na mambo waliyoyakumbuka. Shahidi asiyejua kuandika atie dole gumba. Karatasi ipelekwe kwanza kwa sheha wa kijiji aitie sahihi yake, kisha itiwe mkononi mwa mtu mwaminifu, ampelekee sheha wa mtaa anakokaa mzee. Nakala moja ibaki skuli.