Kiharusi cha Mtoto na Dawa Isiyofikiwa kwa Wakati

Desemba 2013, Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilifunga utafiti ulioitwa TIPS, uliotaka kujua mtoto wa miaka 2 hadi 17 aliyepatwa na kiharusi cha mshipa kuziba anaweza kupewa kiasi gani cha alteplesi, dawa inayoyeyusha bonge la damu, bila kuvujia damu kichwani. Dawa ilikuwepo, fedha zilikuwepo, hospitali kubwa zilikuwa tayari. Waliokosekana ni watoto wa kutosha wanaotimiza masharti. Kati ya 93 waliochunguzwa, ni 43 tu waliothibitika kuwa na kiharusi, na hata miongoni mwa hao wengi hawakuruhusiwa kupewa dawa. Kwa kawaida TIPS hutajwa kama utafiti ulioshindwa. Mimi nauona kuwa ndio uliotufundisha zaidi, kwa sababu ulifichua kwamba kikwazo kikuu cha tiba hii hakimo ndani ya chupa ya dawa. Kimo katika njia anayopita mtoto mpaka aifikie.

Kwa watu wazima swali la kama dawa hii inasaidia lilijibiwa mwaka 1995, katika jaribio la Marekani lililohusisha wagonjwa 624. Waliopewa dawa ndani ya saa 3 walikuwa na nafasi kubwa zaidi, kwa asilimia 30 au zaidi, ya kubaki bila ulemavu wa maana baada ya miezi mitatu, ingawa asilimia 6.4 walivujia damu ubongoni, ikilinganishwa na asilimia 0.6 ya wasiopewa. Baadaye muda ukasogezwa hadi saa 4.5. Sasa tazama upande wa watoto: uchunguzi uliofanywa Toronto ulikuta kwamba, kwa wastani wa kati, saa 22.7 zilipita tangu dalili za kwanza mpaka kiharusi kutambuliwa. Mtoto anaangusha kijiko, mdomo umepinda kidogo, na mama anasema ameulalia mkono. Zahanati inaandika degedege, au kipandauso. Dhana hizo si za kipuuzi. Zaidi ya nusu ya wale 93 hawakuwa na kiharusi kweli, na kifafa na kipandauso ni miongoni mwa vinavyofanana nacho sana. CT scan ya mapema inaweza kuonekana safi kabisa. MRI ingeonyesha, lakini mtoto mdogo hatulii ndani ya mashine mpaka alazwe usingizi, na mtaalamu wa usingizi usiku huo yuko nyumbani kwake.

Wapo watakaosema kwamba bila jaribio lenye kundi la kulinganisha, kumpa mtoto dawa hii ni kubahatisha. Pingamizi hili ni zito. Mfumo wa kugandisha na kuyeyusha damu hubadilika kadiri mtoto anavyokua. Mtoto mchanga, kwa mfano, ana plasminojeni pungufu, na hiyo ndiyo malighafi ambayo dawa huifanyia kazi. Hivyo kipimo cha mtu mzima kilichopunguzwa kwa uzito tu, yaani miligramu 0.9 kwa kilo, ni makadirio. Mtoto wa kilo 20 angepata miligramu 18: 1.8 kwa dakika moja, 16.2 zilizobaki kwa saa nzima. Hata hivyo, watafiti wa TIPS walipokusanya kumbukumbu za watoto 26 waliotibiwa hivyo katika hospitali zao, hawakukuta hata mmoja aliyezidiwa kwa kuvujia damu ubongoni, na wakakadiria hatari hiyo kuwa karibu asilimia 2. Watoto 26 ni wachache mno kutuliza dhamiri ya mwanatakwimu. Wanatosha, kwa maoni yangu, kuiruhusu dawa katika hospitali iliyojiandaa, na hawatoshi kuiruhusu kwingineko.

Ile faraja kwamba ubongo wa mtoto hujirekebisha wenyewe tuiache. Zaidi ya nusu ya watoto wanaonusurika hubaki na kasoro ya kudumu, ya viungo, usemi au masomo.

Pingamizi linalotugusa zaidi Afrika Mashariki ni la seli mundu. Mtoto mwenye ugonjwa huo anapopooza ghafla, tiba yake ya kwanza ni damu, hasa kubadilishiwa damu, wala si alteplesi. Tena kiharusi chake kinaweza kuzuiwa: ultrasaundi ikionyesha damu ya ubongoni inakwenda kasi ya sentimita 200 kwa sekunde au zaidi, kuongezewa damu mara kwa mara hupunguza hatari kwa takriban asilimia 90, kama jaribio la STOP lilivyoonyesha mwaka 1998. Mwanza, watafiti wamejaribu dawa ya haidroksiyurea kwa lengo hilohilo. Kwa nini basi tuhangaike na alteplesi, dawa ya bei kubwa? Kwa sababu mtoto wa seli mundu, mwenye moyo mbovu na mwenye mshipa uliovimba baada ya tetekuwanga wote hupitia mlango mmoja, na mlangoni hapo hawatofautiki. Muuguzi wa mapokezi anayeuliza mara ya mwisho mtoto alionekana mzima saa ngapi, mizani iliyo karibu, kipimo cha seli mundu kinachojibu papo hapo, damu salama benki, zamu ya mtaalamu wa usingizi: hivyo ndivyo ningevinunua kwanza, na alteplesi ningeiweka mwisho wa orodha ya manunuzi.