Tusiihukumu Nafsi kwa Jina Lake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, Aali zake na Masahaba zake. Amma baad.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Nakuusieni, na naiusia nafsi yangu kabla yenu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Ndugu Waislamu, hapa Forodhani pamepata jina lake kwa forodha. Na kazi ya forodha ni kutotosheka na jina lililoandikwa juu ya robota: hulifungua, ikatazama kilichomo, ndipo ikahukumu. Ama sisi, nafsi zetu tunazihukumu kwa maandishi ya juu. Hii hasira, hii khofu, huu uvivu. Tukishalitaja jina, tunadhani tumeshajua.

Mwanafunzi mmoja alinijia baada ya sala ya alasiri, naye ameniruhusu nitoe khabari yake bila ya kumtaja. Akasema: "Sheikh, ndani yangu mna mtu wa hasira. Nyumbani wananiita Mkali. Niombee dua mtu huyo afe." Nikamwuliza: "Alikuja lini?" Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Tangu alipofariki baba, na ami zangu wakaizuia sehemu ya mama katika mirathi." Nikamwuliza: "Na unamkasirikia nani?" Akajibu: "Mama mwenyewe, na wadogo zangu." Hapo akalia.

Basi ndani ya robota lililoandikwa hasira mlikuwamo uchungu wa haki ya mjane. Kosa lake halikuwa kuwa na uchungu ule, bali kuwamwagia wasiohusika. Sikumwombea kifo. Nilimwambia awatake radhi mama yake na wadogo zake, kisha afuatane na mama yake kwa Kadhi. Shauri lao halijesha, lakini mama yake ameniambia kuwa nyumbani sasa hapana anayepigiwa kelele.

Qur'ani Tukufu imeitaja nafsi kwa sifa tatu: yenye kuamrisha maovu, katika Sura Yusuf (12:53), yenye kujilaumu, katika Al-Qiyama (75:2), na iliyotua, katika Al-Fajr (89:27). Wanavyuoni wengi wametubainishia kuwa hizi si nafsi tatu, bali ni nafsi moja katika hali mbalimbali. Inayoamrisha uovu asubuhi yaweza kujilaumu jioni. Na Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), ameeleza katika Ihya kuwa ghadhabu haikuumbwa ili ing'olewe, bali itiwe adabu. Tazameni Aal Imran (3:134): Mola amewasifu wanaoizuia ghadhabu yao, na hapana wa kuzuia ila aliye nayo.

Mfano wake ni makonyo. Ukiyachanganya na karafuu gunia zima huharibika, nawe umedanganya. Lakini yapeleke kiwandani kule Pemba, hutolewa mafuta yenye thamani. Kitu ni kile kile. Mahali pake ndipo palipobadilika.

Katika zama zetu, tangu miaka ya 1980, mtaalamu wa Marekani, Richard Schwartz, amefundisha njia ya kutibu ambayo mgonjwa huisikiliza kila sehemu ya ndani yake, ajue inalinda nini, asikomee kwenye jina lake. Hatupokei kila lisemwalo na wataalamu. Tunalipima kwa mizani ya sharia. Na hili tunaliona lina asili kwetu.

Asije mtu akadhani kuwa nahalalisha maovu. Kuisikiliza nafsi si kuitii. Imo katika Sahihi Bukhari khabari ya mtu aliyeletwa mara nyingi mbele ya Bwana Mtume (S.A.W.) kwa ulevi, akatiwa adabu. Mmoja wa waliohudhuria akamlaani. Bwana Mtume akakataza, akashuhudia kuwa mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu ilipita, lakini jina la mlevi halikuachwa limmeze mtu mzima.

Enyi wazazi, nanyi walimu wa vyuo! Msimwite mtoto mvivu kabla ya kumwuliza. Pengine haoni vizuri maandishi. Pengine amekuja na njaa. Al-Hujurat (49:11) imetukataza kuitana majina mabaya. Na aliyezidiwa na dhiki, hali wala halali, apelekwe kwa daktari pamoja na kuombewa dua. Wala tusiligeuze jina la Kidongo Chekundu kuwa tusi.

Nawe mwanafunzi, usiku huu kabla ya kulala, lichukue jina moja unalojiita kwa ubaya. Lifungue. Uliza: linalinda nini, na limeanza lini? Lililo haki lipeleke mahali pake. Lililo dhambi litubie.

Ewe Mola wetu, zitakase nafsi zetu, kwani Wewe ndiwe Mbora wa kuzitakasa. Nasema maneno yangu haya, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwingi wa kurehemu.