Meli Huchaguliwa Kuanzia Tumboni



Meli mpya ikishushwa majini, macho ya watu hutua kwenye rangi na bendera. Lakini kinachoamua kama itafika au haitafika kimo chini ya sitaha: mtambo unaozungusha rafadha.

Liemba ya Ziwa Tanganyika ni fundisho tosha. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Goetzen, ikaletwa Kigoma vipande vipande. Ilifungwa injini za mvuke, ingawa tangu mwaka 1912 meli Selandia ya Denmark ilikuwa ikivuka bahari kwa dizeli. Je, ilikuwa kosa? La hasha. Boila huchemka kwa kuni, na kuni hukatwa ufukweni. Mafuta yangeagizwa ng'ambo. Tena mtambo wa mvuke ni mvumilivu. Wajerumani waliizamisha meli hiyo mwaka 1916, injini zikiwa zimepakwa grisi. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa mvuke ule ule.

Hata hivyo, mvuke una gharama yake. Injini ya namna ile huipa rafadha chini ya moja ya tano ya nguvu iliyomo katika kuni, hali dizeli kubwa za leo hukaribia nusu. Boila na kuni hunyang'anya abiria na mizigo nafasi, na misitu huisha. Ndiyo maana katika miaka ya 1970 Liemba ilibadilishwa ikawa ya dizeli. Lakini dizeli nayo hudai haki yake: mafuta safi, vipuri kwa wakati, na fundi aliyesomea.

Kwa hiyo, kamati inayonunua meli isianze na bei wala nguvu za farasi. Na iulize: Mtambo huu utakula nini, na chakula hicho kitapatikana wapi? Ukiharibika, nani ataufungua, na kwa vipuri gani? Utasukuma mzigo gani, kwa mwendo gani, na utasimama mara ngapi njiani?

Mgonjwa wa Kirando anayeingoja meli impeleke hospitali hatafaidika na mtambo wa bei nafuu unaosubiri kipuri miezi sita. Wahenga walikwisha sema: rahisi huvunja upishi.