Hesabu Kwanza, Kisha Pakia Gunia

Leo tutasema habari ya hesabu.

Watu wa mashimo ya dhahabu kule Misisi wanakula kila siku, na wengi wao hawalimi. Kwa hiyo tunasikia: "Bei ya muhogo imepanda Baraka!" Mara tunapakia magunia katika mtumbwi. Lakini bei kubwa siyo faida. Hesabu kwanza.

Tufanye mfano. Bei hizi ni za kujifunza tu. Wewe weka zile za siku yako. Mama mmoja ana magunia 4 ya muhogo mkavu. Hapa Swima mnunuzi anatoa faranga 45,000 kwa gunia. Baraka wanatoa 55,000. Auze wapi?

Jambo la kwanza: akiuza hapa atapata nini? 4 mara 45,000 ni 180,000.

La pili: akiuza Baraka atashika nini mkononi? 4 mara 55,000 ni 220,000. Usifurahi bado.

La tatu: njia itakula nini? Mtumbwi, kila gunia 5,000: jumla 20,000. Kodi ya soko, kila gunia 1,000: jumla 4,000. Nauli yake mwenyewe, kwenda na kurudi, 6,000. Chakula 2,000. Jumlisha yote: 32,000.

La nne: toa. 220,000 kutoa 32,000, inabaki 188,000. Kwa kuhakikisha, rudi nyuma: 188,000 na 32,000 ni 220,000. Vema.

Basi Baraka inamzidishia faranga 8,000. Aende.

Sasa jirani yake ana gunia 1 tu. Akaona mwenzake amepata, naye akaenda. Alipata 55,000. Akatoa mtumbwi 5,000, kodi 1,000, nauli 6,000, chakula 2,000. Ikabaki 41,000. Hapa nyumbani angepata 45,000! Amepoteza 4,000 na siku yake ya kulima.

Kwa nini? Nauli na chakula cha mtu havipungui hata gunia likiwa moja.

Asiyejua kuandika atumie mawe, kila jiwe faranga 1,000. Kila gunia likifika Baraka linazidisha mawe 10, mtumbwi na kodi vinakula 6, yanabaki 4. Safari ya mtu inakula mawe 8. Gunia 1 laleta 4: hasara. Magunia 2 yaleta 8: umejichosha bure. Magunia 3 yaleta 12: sasa kuna faida.

Kwa hiyo wenye gunia mojamoja wapatane, wamtume mtu mmoja na magunia yote, na gharama ya safari yake wagawane sawasawa.

Jioni hii mwite mtoto wako wa shule na daftari lake. Fanyeni hesabu hii pamoja kwa bei za leo. Yeye atajifunza, na wewe hutapoteza jasho lako.