Mtoto Juu ya Tyubu: Nani Anayetazama Nyuma?



Katika mitaa ya Gerezani na Kariakoo tyubu ya lori haitupwi ovyo. Fundi huikata vipande vya kufungia mizigo juu ya baiskeli na mikokoteni, watoto hugombea mabaki ili wapate mipira ya manati, na ile iliyo nzima hutiwa kiraka, ikajazwa upepo, ikabebwa begani hadi baharini. Mpira uliokuwa ndani ya tairi lenye kubeba tani za mzigo sasa unatazamiwa umbebe mtoto wa miaka minane, na mzazi akiuona unaelea huona hana sababu ya kuhofu.

Sababu anayo. Tundu la katikati ni pana kuliko kiuno cha mtoto, na mpira ukilowa huteleza kama sabuni. Wimbi moja la ubavuni linatosha kuipindua tyubu, nayo huendelea na safari yake peke yake. Anayezama mara nyingi hapigi kelele, maana kinywa chake kinapambana na maji na mikono yake inayasukuma badala ya kupunga. Chini ya dakika moja aweza kutoweka, pengine hatua chache tu kutoka kwa mtu mzima anayekula mihogo ufukweni Coco. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani kote, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano.

Liko jambo ambalo wazee wa pwani walilijua, na ambalo wakazi wengi wa mjini wamelisahau. Idd el Fitri huja na mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo ndio wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, tofauti yake ikipita mita tatu katika pwani ya Dar es Salaam. Kwa hiyo siku ambayo watoto wa Kariakoo huvaa nguo mpya na kupanda daladala kwenda ufukweni ni miongoni mwa siku ambazo bahari hukimbia kwa kasi kubwa kabisa katika mwezi. Siku za bamvua maji hupwa kabla ya adhuhuri, na watoto hufuata mchanga mtupu hadi mbali. Yanaporudi hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yao. Alasiri, yapata saa kumi au kumi na moja, yamejaa. Kisha jua likielekea kuzama huanza kutoka, na chochote kinachoelea hutoka nayo. Idd el Hajj, ambayo ni siku ya kumi ya mwezi, huangukia karibu na maji mafu, na bahari huwa na utulivu zaidi. Krismasi na Pasaka ndizo za kuulizia mwaka hata mwaka.

Sasa kumezuka mchezo mwingine, wa kuwavuta watoto kwa boti ya mashine wakiwa juu ya mpira. Marekani na Kanada mchezo huu ni wa kawaida katika maziwa, na wengi hutumia pantoni ndogo, chombo cha sakafu bapa juu ya maboya mawili. Mkazi wa Dar es Salaam akisikia pantoni huwaza kivuko cha Magogoni, lakini hicho ni kidogo, cha familia moja. Hapa pwani mpira huonekana nyuma ya boti za fiberi, mbele ya hoteli na katika fukwe. Mchezo wenyewe si haramu. Ubaya ni kuuchukua mchezo na kuziacha kanuni zake.

Kanuni iliyo mama ya zote ni kwamba nahodha hawezi kutazama mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Katika majimbo mengi ya Marekani sheria inataka awepo mtu wa pili ndani ya chombo, kazi yake ikiwa kumtazama anayevutwa na kumwambia nahodha apunguze mwendo au asimame. Mengine hukubali kioo badala yake. Kwa mtoto, kioo hakitoshi. Mtazamaji huyo asiwe mkusanya nauli, wala asiwe anapiga picha kwa simu.

Kamba huwa ya mita 15 hadi 20 hivi, ili mpira ukae mbali na rafadha, yaani yale mapanga ya mashine yanayosukuma maji. Haifungwi kwenye tyubu tupu ya lori, kwa sababu hukandamiza mpira na kuuzamisha mbele. Mipira iliyotengenezwa kwa kazi hiyo ina kitambaa imara, vishikio na pete ya kufungia. Boti ikikata kona, mpira hutupwa nje kama jiwe la kombeo na kwenda kasi kuliko boti yenyewe, kwa hiyo nahodha anayependa kuchekesha abiria kwa kona kali hafai kukabidhiwa watoto. Mtoto akianguka, boti humrudia polepole, na mashine huzimwa kabisa kabla hajaikaribia. Mashine iliyotolewa gia lakini bado inanguruma haijazimwa.

Na jaketi la kuokolea livaliwe kabla ya kuondoka nchi kavu. Jaketi la mtu mzima humtoka mtoto kwa juu. Kulijaribu ni rahisi: shika mabega ya jaketi uvute juu, na likifika masikioni, ni kubwa mno. La mtoto mdogo linatakiwa liwe na mkanda unaopita kati ya miguu.

Tangu mwaka 2018 kazi ya kusimamia usalama wa vyombo vya majini ni ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, lililoipokea kutoka SUMATRA. Ni haki kudai kwamba mwenye boti ya kuvuta watoto asiruhusiwe kuondoka bila mtu wa pili na majaketi ya vimo vya watoto. Saa za maji nazo hujulikana mwaka mzima kabla, na mabaharia huzisoma katika majedwali. Hakuna gharama ya kutisha katika kuzibandika shuleni, misikitini na makanisani mwa Kariakoo wiki moja kabla ya sikukuu.

Hadi hayo yatakapotendeka, mzazi anayo nauli mkononi. Kabla hajaitoa, na amwulize nahodha ni nani atakayekaa nyuma akimtazama mtoto. Nahodha akijibu kwamba atageuka mwenyewe mara kwa mara, nauli irudi mfukoni, na mtoto apelekwe kwenye pembea za Mnazi Mmoja.