Kabla ya Kununua Bunduki Kuukuu ya Kulindia Shamba



Mara nyingi tumezungumza juu ya kupanda mahindi kwa mistari na kupalilia mapema. Leo nataka kusema nanyi habari ya kuyalinda, maana mahindi yaliyopaliliwa vizuri, kisha yakaliwa na nguruwe mwitu kwa usiku mmoja, hayamfai mtu kitu.

Mzee mmoja alinijia akasema: "Bwana Shamba, kuna mtu mwenye leseni anauza raifoli yake ya .303. Bei ni rahisi, lakini fundi amesema mtutu umelika. Ninunue au nisinunue?" Swali lake lilikuwa zuri. Nilimjibu kama nitakavyowajibu ninyi sasa.

Kwanza, mtutu uliolika ni nini? Ndani ya mtutu wa raifoli kuna mifereji myembamba iliyochongwa kwa kuzunguka, kama uzi wa parafujo. Mifereji hiyo huizungusha risasi, na risasi inayozunguka hwenda sawasawa. Mifereji ikiisha, risasi hupepesuka, wala hujui itaangukia wapi.

Mtutu huharibika kwa njia tatu. Moto wa baruti hula chuma, hasa pale mwanzo wa mtutu, karibu na mahali risasi inapokaa. Kutu nayo hula: risasi nyingi za zamani za .303 huacha chumvi ndani ya mtutu, na mtutu usiposafishwa kwa maji ya moto, ukakaushwa na kupakwa mafuta, hushika kutu upesi. Tena kuna ufito wa kusafishia. Ukiingizwa vibaya kwa mdomoni kila siku, husugua mdomo wa mtutu. Nanyi kumbukeni kwamba bunduki nyingi za .303 zilitengenezwa kwa ajili ya vita vya 1914–1918 na 1939–1945. Hizo zimezeeka kuliko wengi wetu tuliokaa hapa.

Pili, utajuaje kiasi cha ubovu? Fanyeni haya mbele ya mwenye leseni na fundi wa bunduki:

1. Hakikisheni bunduki haina risasi, kisha fundi atoe chuma cha kufungia nyuma. Tazama ndani ya mtutu kwa upande wa nyuma, ukiuelekeza kwenye mwanga. Mifereji ionekane wazi, na kingo zake ziwe kali. Madoa machache meusi si lazima yawe ubaya mkubwa. Lakini ukiona kivuli cha duara kama pete, jua mtutu umevimba. Usinunue.

2. Fundi autazame mdomo wa mtutu. Ukiwa umebonyea au umelika upande mmoja, risasi hutoka ikienda kombo.

3. Fundi apime pia mahali risasi inapokaa na jinsi nyuma inavyofunga. Bunduki isiyofunga barabara yaweza kumwumiza mpigaji mwenyewe. Jambo hili ni kubwa kuliko mtutu.

4. Mwisho, ipigwe risasi 5 katika karatasi, mahali palipoidhinishwa, kwa hatua 100, bunduki ikiwa imeegemezwa juu ya mfuko wa mchanga. Matundu yote yakikaa ndani ya shubiri moja, mtutu huo, hata kama umechakaa, wafaa kwa nguruwe aliye hatua 50. Matundu yakitawanyika, haufai. Na tundu likiwa refu badala ya duara, risasi imepita ubavu. Mtutu huo umekwisha.

Mwaona basi kwamba kuchakaa si neno moja. Macho hudanganya, karatasi haidanganyi.

Tatu, fanya hesabu kwa magunia. Tuseme nguruwe hula magunia 4 kila mwaka, na bunduki yauzwa kwa thamani ya magunia 20. Hata kama ingewazuia wote, itapita miaka 5 kabla fedha yako haijarudi, na hapo hujahesabu risasi, leseni, wala mtutu mpya. Wazee walisema, rahisi yavunja upishi.

Nne, sheria. Katika Tanzania, kwa sheria ya silaha ya mwaka 2015, huwezi kumiliki bunduki bila leseni, wala haiuzwi kwa kupeana mkononi kama jembe. Anzia polisi kabla ya kutoa hata senti moja. Tena leseni ya bunduki si ruhusa ya kuua mnyama wa porini. Hilo lina sheria yake, na wa kumwuliza ni Afisa Wanyamapori wa Wilaya.

Sasa niwaambie mwisho wa yule mzee. Bunduki ilipopigwa, risasi 2 hazikugusa karatasi kabisa, na tundu moja lilikuwa refu kama punje ya haragwe. Muuzaji akapunguza bei. Mzee akanitazama, akitaka nikubali. Sikusema juu ya bei. Nilimchukua mpaka ukingoni mwa shamba lake, nikamwonyesha dungu la jirani. Msimu wa mahindi, mtoto wa jirani yake hulala pale akilinda. Risasi ya raifoli huruka zaidi ya kilomita 2. Dungu lile halikuwa mbali hata hatua 100. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Twende zetu."

Hakununua. Alipeleka habari kwa Afisa Wanyamapori, naye akaleta askari. Kisha mzee na majirani wawili walifyeka kichaka kilichokuwa kati ya mashamba yao, wakajenga madungu mawili, wakalinda kwa zamu, kwa moto na madebe. Nguruwe hawakuisha, na mahindi kadhaa yaliliwa. Lakini walivuna, na fedha ya bunduki ilinunua mbolea.

Basi, ndugu zangu, shikeni haya: bunduki kuukuu ipimwe na fundi, ipigwe katika karatasi, ihesabiwe kwa magunia, na ipite polisi. Ikishindwa hata moja, iacheni. Na aliye na shaka aje kuuliza. Kuuliza si ujinga.