Nyuki wa Alief: Kupima Nguvu ya Kundi Majira ya Kuchipua

Alief ni eneo la kusini-magharibi mwa jiji la Houston, katika jimbo la Texas nchini Marekani. Wamehamia huko watu kutoka Vietnam, Amerika ya Kati, Nigeria na kwingineko, na nyumba zao zimepakana ua kwa ua. Afugaye nyuki nyuma ya nyumba katika mtaa kama huo hana budi kuyajua yaliyomo mzingani kabla jirani hajayaona.

Houston hupata joto mapema. Kufikia mwisho wa Februari nyuki huwa wanaingiza chavua. Lakini wingi wao mlangoni haumtoshi mfugaji: pengine ni nyuki wa mzinga mwingine waliokuja kupora asali. Basi huchaguliwa siku ya jua isiyo na upepo, hupulizwa moshi kidogo, na fremu hutolewa mojamoja.

Kwanza huhesabiwa fremu zilizofunikwa na nyuki pande zote mbili. Nane kati ya 10 ni dalili ya kundi imara. Tatu ni kundi dhaifu. Pili hutazamwa mayai na majana. Yai huanguliwa baada ya siku 3. Kwa hiyo yakionekana mayai, malkia alikuwapo juzijuzi, hata kama amejificha. Majana yaliyofunikwa yakishikamana, malkia ni mzima. Yakiwa na mapengo mengi, huenda amechoka au kuna ugonjwa. Tatu hupimwa utitiri wa varroa: nyuki 300 huoshwa kwa spiriti, na wakipatikana utitiri 9, tiba haingoji.

Hata hivyo, nguvu nayo ina hatari yake. Kundi lililosongamana hulea malkia wapya, kisha malkia mzee huondoka na sehemu kubwa ya nyuki, pengine wakaishia ukutani mwa jirani. Malkia mpya anayebaki hupandana na madume wa porini.

Hapo ndipo Afrika Mashariki inapoingia. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia kutoka Afrika Kusini na Tanganyika. Mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka. Uzao wao, uliochanganyika na nyuki wa Ulaya, ulifika Hidalgo, Texas, Oktoba 1990, pamoja na ukali wake.

Kwa sababu hiyo kundi imara hugawanywa mapema, na nusu isiyo na malkia hupewa malkia wa ukoo mpole. Kundi dhaifu huunganishwa na jingine, ila lenye ugonjwa haliunganishwi kamwe.

Mfugaji wa Tabora hutundika mzinga wake msituni, mbali na watu. Wa Alief ana ua wa mbao tu, na watoto wa jirani huchezea upande wa pili. Chumba cha malkia mpya hufunikwa siku ya 8 au ya 9, na kundi huwa tayari kuondoka. Kwa hiyo mpaka Mei, mzinga hufunguliwa kila wiki.